Barua kwa Mwanangu: Mwache Amalize Hadithi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Unataka nikuchagulie hadithi za kuwafundisha vijana wa kanisani na wa msikitini hapo Kisumu, zile ambazo hazitamkwaza yeyote. Mimi naona jambo zito zaidi ni nani atakayesimulia, na mbele ya nani. Nilikuambia ulipokuwa chuoni, na narudia: kijana haijui hadithi ya mwenzake mpaka aisimulie kwa kinywa chake, mwenye hadithi akiwa ameketi hapo akimsikiliza.

Watu watakushauri uanze na Yusufu, kwa kuwa yumo katika kitabu cha Mwanzo na yumo katika sura ya 12 ya Kurani. Hadithi ya namna hiyo ndiyo inayogombanisha upesi, maana kila mmoja anadhani anaijua kabla mwenzake hajafungua kinywa. Unaukumbuka mwaka ambao shangazi yako aliolewa na Mwislamu na nusu ya ukoo ikasusia harusi. Ndio mwaka nilioanzisha kipindi cha hadithi shuleni Mumias. Kijana mmoja wa Kiislamu alisimama, akasema „Hadithi, hadithi", wenzake wakaitikia „Hadithi njoo", akasimulia jinsi ndugu zake Yusufu walivyoleta kanzu yenye damu ya uongo, na jinsi Yakubu alivyohuzunika hata macho yake yakawa meupe. Msichana wa kanisani kwetu akamuuliza ni nani aliyesema Yakubu alipofuka kwa huzuni, ilhali katika Mwanzo macho yake yalififia kwa uzee. Lilikuwa swali la mtu aliyesikiliza kweli. Kabla halijajibiwa, mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mgeni wetu, akainuka akasema watoto wanapotoshwa, na kipindi kikafungwa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kijana alikatizwa Yakubu akiwa bado kipofu. Hakufika pale Yusufu anapompelekea baba yake kanzu, ikawekwa usoni mwake, naye akaona tena.

Msichana mwenyewe ndiye aliyemfuata kijana yule na kumwomba amalizie. Kipindi kilipofunguliwa tena, msichana aliisimulia yote kama ilivyo katika Kurani, kijana akiwa kiti cha mbele, kisha akaeleza jinsi inavyosomwa kwao. Hakuna aliyebadili dini, wala hakuna aliyeambiwa kwamba vitabu hivyo viwili vinasema mamoja, kwa sababu havisemi mamoja. Baba yako anajua jinsi nilivyorudi nyumbani siku ile nikiimba.

Hata hivyo nimejiuliza mara nyingi kama mzee yule hakuwa na haki ya kuogopa. Wazazi walitukabidhi watoto wao, na mtoto ambaye hajaimarika katika imani yake anaweza kuyumba. Lakini msichana yule hakuyumba. Alirudi kukisoma kitabu chake kwa makini zaidi, na nadhani aliyeogopa alikuwa mzee, si yeye.

Kwa hiyo wapange wawiliwawili, wabadilishane hadithi, kila mmoja airudishe ya mwenzake mbele yake, na masahihisho yatoke kwa mwenye hadithi peke yake. Wageni waambie mapema kwamba hakuna atakayesema neno kabla msimuliaji hajamaliza. Iwapo mzee au imamu atakataa sharti hilo, kama ni haki umfungie mlango au la, nina jibu langu, na ni jibu kali. Lakini darasa ni lako, nami sitalitia katika barua hii.

Wako akupendaye,
Mama