Tulihubiri Amani Huku Tuna Upande

Jumapili ya tarehe 6 Januari 2008 nilisimama mimbarini, hapa Kenya, nikasoma Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Kanisa lilikuwa nusu tupu. Siku tano kabla, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa rais wa Desemba 2007, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walikuwa wamechomwa humo humo ndani. Nikawaambia washirika watulie, waliombee taifa, siasa waiache nje. Nilirudi nyumbani nikiamini nimehubiri amani.

Siku hiyo hiyo, huko Nyanza, mwenzangu niliyesoma naye chuo cha Biblia alihubiri Amosi 5, haki itelemke kama maji. Naye alirudi nyumbani ameridhika. Sote tumekwisha kuacha uchungaji, kila mtu kwa sababu zake, lakini hatujawahi kukutana tukamaliza chai bila kuirudia Jumapili ile.

Yeye ndiye aliyelisema kwanza: mgombea wangu alikuwa ameapishwa jioni ya Desemba 30, wake akaachwa nje. Kura zingeenda kinyume, mimi ningehubiri Amosi na yeye angeshika Warumi. Nilikasirika, tukaagana vibaya. Ilinichukua miezi kukubali kwamba alisema kweli.

Kwa hiyo wewe unayeongoza watu, hata kama ni kikundi cha maombi cha watu sita, nchi ikiwaka moto jiulize hivi kabla ya kufungua Biblia: andiko hili ningelisoma leo kama upande wangu ndio ulioshindwa? Kama jibu ni hapana, lifunge kwanza. Neno ni la Mungu, ila wewe ndiye uliyelichagua, na waumini wanajua umelichagua kwa nini. Wangu walijua. Familia tatu hazikurudi tena, na hakuna aliyenieleza sababu.

Halafu wasikilize walioumia kabla ya kuwaombea. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilikwenda kwenye uwanja wa maonyesho walikopiga kambi wakimbizi wa ndani, nimebeba maombi ya msamaha niliyoyaandaa nyumbani. Mama mmoja alinishika mkono nilipoanza. "Pasta, usiniombee nisamehe. Niombee nimpate mwanangu." Sikuwa nimemwuliza hata jina lake. Kumhimiza mtu asamehe wakati bado anamtafuta mtoto wake ni kumtwisha mzigo mwingine, na sisi wachungaji tuliutwisha watu wengi, tukauita uponyaji.

Kuhusu bahasha za wanasiasa sina mengi. Mwanasiasa akipewa kiti cha mbele na kipaza sauti, sadaka yake ina bei, na bei hiyo utaidaiwa siku ya msiba. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba radhi. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akawazuia wanasiasa wasihutubu kwenye madhabahu za Anglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni yaliyotolewa na Rais katika parokia ya Soweto. Nilifurahi kuyaona haya, nikasikitika pia, maana ningeweza kuikataa bahasha yangu mapema na sikuikataa.

Na ninyi mlioacha huduma kama sisi, msidhani mmetua mzigo. Watu wataendelea kukuita pasta, na wakiogopa watakutafuta wewe kabla ya yule aliyechukua nafasi yako. Mwenzangu husema sasa ndipo tuko huru kusema kweli, kwa kuwa hatuna mshahara wa kupoteza. Mimi naona uhuru huo una hatari yake: hakuna baraza la wazee la kukurudi ukipotoka. Bado tunabishana.

Asubuhi ya Juni 25, 2024, kijana niliyemfundisha shule ya Jumapili alinipigia simu kutoka Nairobi. Maandamano ya siku hiyo ya kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, yalikuwa yanaanza. "Pasta, niende au nisiende?"

Andiko lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nikamwuliza kinachomsukuma, naye akaongea kwa muda mrefu juu ya kazi asiyoipata na ada ya mdogo wake. Nikamwuliza kama mama yake anajua, na anakwenda na nani. Tukaomba pamoja, maneno machache, arudi salama yeye na kila atakayekutana naye, askari wakiwemo.

Jioni, habari za waliopigwa risasi karibu na Bunge zilipoanza kuingia, nilimpigia. Nilipiga mara nne ndipo akapokea.