Maswali ya wasomaji: mistari ya kahawia nyuma ya jani la kangaga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naishi Chumbageni hapa Tanga, nina kangaga ile ya majani mapana marefu yasiyochanika, yanayotoka yote sehemu moja yakazunguka kama kiota. Sasa majani ya juu nimeyageuza nikakuta mistari ya kahawia imejipanga nyuma, jirani anasema ni ukungu nipige dawa, shangazi anasema wadudu. Jani moja nimeshalikwangua kwa kisu limebaki na makovu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisu weka chini na dawa usinunue, mmea wako ni mzima kabisa na umekomaa, yani hiyo mistari ndo uzazi wake wenyewe.

Chukua jani jingine uliangalie vizuri kwenye mwanga. Mistari inafuata vishipa vya jani, imenyooka, iko sambamba, inaanzia karibu na mshipa mkuu wa katikati halafu inakatika njiani, haifiki ukingoni. Ugonjwa hauna adabu hiyo, ugonjwa unaweka doa huku doa kule, unazungushia na unjano, na mara nyingi unatokeza mpaka upande wa juu wa jani. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona kila mstari umefunikwa na kingozi chembamba kilichoshikwa upande mmoja tu, chini yake kuna vifuko vidogo mno vimesongamana, na kila kifuko kina ukanda wa seli ngumu ambao ukikauka unajivuta nyuma kisha unafyatuka ghafla na kurusha nje spora, yani chembe ndogo kama vumbi ambazo ndo za uzazi. Jaribu hivi: kata kipande cha jani chenye mistari iliyoiva, kilaze juu ya karatasi nyeupe, mistari itazame chini, kiache usiku kucha mahali pasipo na upepo wala feni. Asubuhi ukikinyanyua utakuta unga umechora ile mistari kwenye karatasi. Ukungu hauwezi kukuchorea hivyo.

Kangaga haina ua, haina tunda, haina mbegu, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Spora ikidondoka penye unyevu haioti ikawa kangaga moja kwa moja, inaota kwanza kitu kingine kabisa, kijani kibichi bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wako wa kidole cha mwisho, kimelala tu juu ya udongo au gome. Hicho ni mmea kamili unaojitegemea, una klorofili yake, ile rangi ya kijani, na unajitengenezea chakula, ila una seti moja tu ya kromosomu, yani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, wakati kangaga unayoijua wewe ina mbili. Upande wake wa chini kuna viungo vya kiume na vya kike, na chembe ya kiume lazima iogelee kwenye maji, hata kama ni utando mwembamba tu wa umande, mpaka ilifikie yai, ndipo kangaga ndogo inachipuka juu yake. Mjerumani Wilhelm Hofmeister ndiye aliyeueleza mzunguko huu vizuri mwaka 1851, kabla ya hapo wataalam walikuwa wanahangaika tu. Ndo maana misitu yenye ukungu na mvua kama Amani, kule Usambara Mashariki, imejaa kangaga na uwanja wako wenye jua kali hauoti hata moja yenyewe.

Na hiyo mistari ina kazi ya pili, ni kitambulisho chake. Wataalam wa zamani waliziweka kangaga kwenye makundi kwa kuangalia hasa mgongo wa jani, na mpaka leo ndo sehemu ya kwanza ya kutazama. Mistari mirefu inayofuata vishipa, tena yenye kile kingozi cha upande mmoja, hiyo ni jenasi, yani ukoo wa spishi ndugu, ya Asplenium, ina spishi kama 700 duniani, na yako kwa maelezo yako ni Asplenium nidus au ndugu yake wa karibu. Sasa ile inayotambaa kwenye minazi na matumbawe huku pwani, Phymatosorus scolopendria, yenyewe ina madoa ya duara yaliyozama kwenye jani, ukipitisha kidole upande wa juu unavigusa vijinundu. Halafu nenda kwenye mikoko, kuna kangaga kubwa inayovumilia maji chumvi, Acrostichum aureum, vijani vyake vya juu vimepakwa kahawia mgongo mzima, hakuna mstari wala doa. Hizo tatu ni familia tatu tofauti, na unazitofautisha kwa macho tu bila maabara!

Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi ya mimea, aliipa nidus jina mwaka 1753. Baadae wengine wakaona hizi za umbo la kiota zimekaa kivyake sana wakazitoa wakazipa jenasi yao, Neottopteris, ulivyokuja upimaji wa DNA, yani vinasaba, ikaonekana ni Asplenium tu kama zingine zikarudishwa nyumbani. Mimi hapo nawaunga mkono waliorudisha, maana umbo la kiota ni namna ya kuishi juu ya mti, ile mistari nyuma ya jani ndo inayosema ukoo. Na bado kazi haijaisha, kule Java watafiti walipopima vinasaba vya mimea ambayo kwa macho yote ni nidus, wakakuta tofauti kubwa ndani yake, yani kwenye jina moja kuna spishi zaidi ya moja zimejificha.

SWALI: Mwalimu, juu ya mwembe wetu Muheza kuna kangaga kama hiyo, kubwa. Mzee anataka ikatwe, anasema inaunyonya mti. Kweli?

JIBU: Hapana kaka, mwambie mzee kwa heshima kwamba mizizi yake haiingii ndani ya mwembe, inashika gome tu. Chakula inapata kwenye majani makavu yanayodondokea katikati yake, yanaoza humo, na mizizi yenyewe imejisuka kuwa sponji linaloshika maji. Humo wanaishi viumbe wengi kupita unavyofikiri, kule Sabah, Malaysia, watafiti walipowapima wadudu na wenzao waliomo ndani ya hizi kangaga, matokeo yaliyochapishwa 2004 yalifanya makadirio ya uzito wa jumla wa viumbe hao kwenye vilele vya msitu yaongezeke mara mbili. Cha kuangalia ni uzito tu, ikilowa mvua inakuwa nzito, kama tawi limeoza au liko juu ya bati basi ishusheni nzima muifunge kwenye shina la mti mwingine wenye kivuli.

SWALI: Niliyonunua mjini ni sawa na ya msituni Amani? Na naweza kwenda kuchukua huko?

JIBU: Inaweza isiwe sawa, maana kwenye maua ya biashara Asplenium antiquum ya Asia Mashariki na Asplenium australasicum zinauzwa sana kwa jina la nidus. Pitisha kidole gumba nyuma ya mshipa mkuu, ukiwa wa mviringo nidus inawezekana, ukiwa na ukingo uliochongoka kama mkuku wa mashua basi hiyo ni australasicum. Kuchukua Amani hapana dada, ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kuchimba mmea ni kosa. Nenda kutembea, omba mwongozaji, piga picha mgongo wa jani na sio mbele tu, alafu nitumie na mimi nizione.