Mwenzako akifilisika, nyumba ya rehani inakuwaje?
Ndugu, umeuliza kama kaka yako kutangazwa mufilisi kunafuta deni la nyumba mliyoiweka rehani pamoja. Hapana. Kwa kawaida kinachofutwa ni wajibu wake yeye binafsi. Rehani inabaki palepale juu ya nyumba, na kama nawe ulisaini mkopo, benki inaweza kukudai deni lote, si nusu. Usiruke rejesho hata la mwezi mmoja.

Sehemu ya kaka yako mara nyingi huwa mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi anayeshika mali za aliyefilisika, basi zungumza na huyo, si na kaka. Pimisha thamani ya nyumba, kisha ondoa humo deni lililobaki. Kikibaki kidogo, mfilisi huenda akakubali kukuuzia sehemu hiyo. Na jamani, msihamishe hati kinyemela. Mahakama inaweza kutengua.