Jibu: Negativu za marehemu baba zimeota ukungu, nifanyeje?

Pole na msiba, mdogo wangu. Umesema mzee amekuachia kamera ya mkanda na boksi la negativu, vile vipande vya mkanda vyenye picha za rangi zilizogeuka, huko Mikindani, zimeota ukungu, na hujui uanze nazo au ununue dijitali ya kupigia harusi.

Anza na negativu, na usizioshe kwa maji! Mimi niliosha zangu hapa Lindi, picha ikayeyuka, nikabaki na plastiki tupu. Ukungu ukishaila ile jelatini, yaani utando unaobeba picha, maji huimalizia. Zikaushe ndani, kivulini penye hewa, halafu futa polepole kwa brashi laini. Ziba pua na mdomo, vumbi lile linaumiza kifua. Zinazonuka kama siki zitenge, hizo zinaoza na huozesha jirani zake.

Kisha zinakili: washa kioo cha kompyuta kiwe cheupe, inua negativu juu yake kidogo, piga picha, geuza rangi kwa programu. Zile usizoweza kustahimili kuzipoteza, mpelekee fundi wa kuskani kabla hujazigusa.

Harusi piga kwa dijitali. Mkanda una picha 36 tu, na bi harusi akifumba macho utajua siku ya kusafisha picha. Ila hifadhi nakala mbili. Memori kadi iliwahi kunifia na sherehe nzima ndani.

Kamera ya mzee itoe kwenye mkoba wa ngozi. Kwa unyevu wetu wa pwani, humo ndimo lenzi huota ukungu.