Kipimo cha dopamini kwa mwenye sonona, soma kabla hujatoa hela

Mkuu uliyeuliza kama mdogo wako apigwe picha ya ubongo ijulikane sonona yake ni ya dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na hamasa na raha) kuwa chini au la, mi hiyo mashine nimelala mwenyewe. Nilikuwa Marekani, sonona imenikamata, ile ya kutosikia raha ya kitu chochote, hata chakula unakula basi tu, nikaingia kwenye utafiti wa chuo.

Kipimo chenyewe ni PET, skani inayofuata dawa yenye mionzi uliyochomwa mwilini, usichanganye na MRI inayotumia sumaku. Unawekewa kanyula, kile kimrija cha kwenye mshipa, mkononi, kichwa kinabanwa na kinyago cha plastiki usitikisike, afu mnasubiri dawa itoke kwenye saiklotroni, mashine ya kutengeneza mionzi hiyo, humohumo jengoni, maana mionzi yake, kaboni-11, inapungua nusu kila dakika 20, ikichelewa hamna kitu. Mi nilichomwa dawa inaitwa raklopridi, inashika vipokezi vya D2, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea dopamini, na dopamini yako nayo inagombea vipokezi hivyohivyo, kwa hiyo dopamini ikimwagika nyingi raklopridi inakosa pa kukaa na picha inafifia. Kazi kubwa sana wamefanya hawa watu, toka Henry Wagner, daktari wa chuo cha Johns Hopkins huko Marekani, alipojilaza yeye mwenyewe 1983 zikapatikana picha za vipokezi vya dopamini kwa mtu aliye hai.

Nilipomaliza nikamuuliza daktari, yangu iko chini? Akaniambia picha ya mtu mmoja haiwezi kusema hivyo, wao wanatafuta wastani wa kundi. Na ni kweli, 2019 timu ya mtafiti Diego Pizzagalli walipima watu 25 wenye sonona na 23 wasio nayo, wagonjwa wakakutwa na visafirishi vya dopamini (protini zinazoirudisha dopamini ndani ya seli) pungufu, ila tafiti za nyuma zipo zilizokuta vimezidi na zipo zilizokuta hakuna tofauti. Afu hata vikipungua bado maana yake inabishaniwa, kwa sababu kazi ya visafirishi ni kuiondoa dopamini iliyomwagika nje ya seli, kwa hiyo inawezekana ubongo umevipunguza wenyewe baada ya kuona dopamini ni chache.

Kwa hiyo anayekwambia lete hela nikupime dopamini nijue dawa ya kumpa, achana naye kabisa. Hizo PET za Nairobi na hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, kazi yake kubwa ni kansa, na dawa wanayochoma sana ni sukari yenye mionzi, haikuonyeshi dopamini. Kuna skani nyingine ya visafirishi hospitali za nje wanaitumia, lakini ni hasa kwa wanaohisiwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka.

Hela hiyo mpeleke dogo kwa daktari wa akili, acheki na damu na tezi ya shingo kwa sababu tezi ikilegea inaleta dalili zilezile za sonona, na amwambie daktari waziwazi kwamba raha imekata, asiishie kusema nina huzuni, maana dawa zinachaguliwa kwa dalili na zipo za sonona kama bupropioni zinazogusa dopamini. Na kama ameshaanza kuongelea kufa usisubiri apointimenti, mpeleke hospitali leo na usimwache peke yake.