Biopsi ya kongosho kwa njia ya mdomo: ujiandae hivi

Mgonjwa wa Bukavu aliyekwisha kufanya ekografia ya tumbo (picha ya mawimbi ya sauti) huuliza kwa nini tena anaandikiwa ekoendoskopi, ekografia inayofanywa kutoka ndani kwa mrija wa kupitia mdomoni. Sababu ni hewa. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na hewa iliyomo humo huzuia mawimbi ya sauti. Mrija wa ekoendoskopi umebeba ekografia kwenye ncha yake. Ukishuka hadi mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo, kongosho linakuwa nyuma ya ukuta mmoja tu. Sindano hutoboa ukuta huo, munganga akiifuata kwenye skrini, na kuchota kipande kidogo cha kongosho: hiyo ndiyo biopsi. Sindano ya namba 22 ina unene wa kama milimita 0.7.

Kaa masaa 8 bila kula. Maji matupu, mwisho masaa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, uji vilevile. Ukipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa limejaa, chakula huweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa hiyo ukija umekula watakurudisha nyumbani, na kama ulivuka kwenda Kigali, nauli imekwenda bure.

Jambo zito zaidi ni dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Warfarin kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, clopidogrel siku 5 hadi 7, aspirini ya kipimo kidogo mara nyingi huachwa iendelee. Lakini usijikatie mwenyewe: mwenye vali ya bandia moyoni anaweza kupata donge la damu. Beba maboksi yote ya dawa, na mizizi ya kienyeji uitaje bila haya.

Utalala ubavu wa kushoto, nusu saa hadi saa nzima, sindano ikiingia mara 2 hadi 4. Baadaye koo huwasha na tumbo hujaa hewa. Siku hiyo usiendeshe moto (pikipiki), na usirudi peke yako. Afadhali ulale karibu na hospitali: maumivu makali yanayokwenda mgongoni, homa, kutapika damu au choo cheusi, rudi usiku huohuo.

Kipande kikipelekwa maabara ya mji mwingine, hakikisha kichupa kina formalini (dawa ya kuhifadhi kipande), si maji, na jina lako limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko. Jibu likisema hakuna seli za saratani, uliza kama kipande kilitosha. Kongosho lenye uvimbe wa muda mrefu huweza kuficha saratani pembeni ya sindano, na hapo kurudia kipimo si uzembe wa munganga.