Mchoshe mbwa mdogo kwa pua kabla ya miguu

Ukifuga mbwa mdogo mwenye nguvu nyingi, kila mtu atakwambia mkimbize mpaka achoke. Mimi nasema anza na pua. Bobi wetu, chotara wa German Shepherd, tulimleta hapa Tabata akiwa na miezi miwili, umri ambao kumtembeza nje ya geti ni hatari. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3. Kabla hajazimaliza, njia wanayopita mbwa wa mtaa mzima ni mahali pa kuokota parvo, kirusi kinachoweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na kuua kibwa kwa kuhara damu ndani ya siku chache. Kwa hiyo nguvu zote zile zinabaki ndani ya ukuta wako, na usipozipa kazi zitajitafutia: ndala, mguu wa kochi, kanga iliyoning'inia kwenye kamba.

Kukimbizana uani kunampandisha mori tu. Tena mifupa na viungo vyake havijakomaa, mbio ndefu hazimfai hata kama anazitaka mwenyewe. Kunusa ni kazi ya akili. Mbwa hukadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu vinavyofikia milioni 300, sisi binadamu tuna kama milioni 6. Ndiyo maana katika bandari ya Mombasa mbwa wametumiwa kutafuta pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya makontena. Na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini kwa kanuni ileile utakayoitumia sebuleni kwako: akiipata harufu, anapewa kitu kitamu papo hapo.

Sisi tunatumia dagaa. Chukua wakavu wasiotiwa chumvi, waloweke, waoshe mchanga wote utoke, wachemshe kidogo, kisha wakate vipande vidogo vidogo. Mara ya kwanza mwache aone kila unachofanya. Weka kipande sakafuni, kifunike kwa kikombe cha plastiki, mwambie "Tafuta!" Atakisukuma kwa pua, atakipiga kwa mguu, na kikianguka msifu kwa sauti ya furaha. Akishaelewa, weka vikombe vitatu, kimoja tu ndicho chenye kitu. Baadaye mtoe chumbani, ficha vipande nyuma ya mguu wa meza, kwenye pindo la mkeka, juu ya kistuli, halafu mwite. Usifiche ndani ya kiatu hata siku moja, maana utakuwa umemfundisha kwamba viatu vina chakula.

Mtazame anavyofanya. Mkia unapanda, masikio yanaelekea mbele, anasahau kwamba upo. Ukinyamaza utasikia pumzi zake fupi fupi zikiongeza kasi anapokaribia. Kuna wakati anakipita kipande, anakwenda hatua mbili zaidi, halafu kichwa kinageuka kabla ya mwili. Hapo ndipo ninapompenda kuliko wakati wowote. Robo saa ya kazi hiyo inatosha, atajitafutia pa kulala bila kulazimishwa. Kumbuka tu kupunguza kwenye mlo wake kile ulichompa mchezoni.

Mlo wenyewe nao usiende wote kwenye bakuli. Trei la mayai la karatasi ni zuri sana: tia chakula kwenye vishimo, lifunike kwa trei la pili, mwachie alifungue. Atalichana, na hiyo ni sehemu ya raha yake, ila kaa karibu uokote vipande asije akavimeza.

Usimgombeze kwa kutafuna. Kuanzia miezi 3 au 4 meno yake 28 ya utoto yanaanza kung'oka, na akifika miezi 7 hivi anakuwa na 42 ya ukubwani. Fizi zinamuuma. Chukua kipande cha taulo kuukuu, kifunge fundo, kiloweshe, kiweke kwenye friza, kisha mpe atafune mbele yako. Akimaliza kichukue. Lakini gunzi la hindi, kokwa la embe na mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, nakuomba usimpe. Gunzi na kokwa huziba utumbo, na mfupa uliopikwa huvunjika ukawa na ncha kali. Vitunguu vya aina zote, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Akimeza kimojawapo, mpigie daktari wa mifugo mara moja, usingoje atapike.

Mafunzo ya "kaa" na "njoo" nayo ni mchezo kwake, mradi yawe mafupi. Sisi tumetilia mkazo geti. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mtu aliyetawadha anayepita kwetu akielekea msikitini ana haki ya kutorukiwa na mbwa mwenye mate. Mtoto mmoja anagonga geti taratibu, mwingine anadondosha dagaa kwenye mkeka wa Bobi, tena na tena, mpaka mlio wa geti ukawa na maana ya kwenda mkekani.

Sikubaliani hata kidogo na desturi ya kumfungia kibwa bandani kutwa ili awe mkali usiku. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza dunia ikoje. Asikie blenda, mvua kwenye bati, bodaboda. Mbebe mikononi getini muangalie watu wakipita. Mbwa aliyezoea hayo ana nafasi nzuri zaidi ya kumtofautisha mwizi na muuza maji kuliko aliyekulia gizani, ambaye huogopa kila kitu.

Na ikifika jioni akaanza kuruka ovyo na kung'ata watoto vifundo vya miguu, usidhani anataka mchezo mwingine. Mara nyingi ni usingizi. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na kwenye nyumba yenye watoto wengi hazipati. Mpeleke mahali pa kimya, mpe kitu cha kutafuna, waambie watoto wasimguse. Akiamka, mtoe kwanza akojoe, ndipo michezo iendelee.